Wanachuma na Wanamkono wa Kipupwe

Kaengesa,
Jumapili, 14 Aprili 2024

Kaka Felisian,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo pia, ingawa hiyo miaka mitano uliyonizidi umeitumia vibaya tangu utotoni. Huku sijambo. Mashavu yamerudi, usingizi ninao, na nguruwe kumi na wanne niliokabidhiwa wameshanijua kwa sauti. Mvua bado zipo, njia ya bandani ni tope tupu, lakini maharage yamekubali. Baba je? Bado anaimba besi kuishinda kwaya nzima? Mwambie sweta aliyonipa naivaa kila alfajiri na wenzangu wanaionea wivu.

Nikueleze kwanza utaratibu. Mwaka huu wote wa unovisi, wa kujiandaa kwa nadhiri za usista, hatushiki simu, hatuendi nyumbani, na wageni wanaruhusiwa siku moja tu, mwezi wa nane. Yaani niko saa moja na kitu kutoka hapo Sumbawanga, lakini ni kama nimehamia Ulaya. Barua zinaruhusiwa, ila Sista Angela, mlezi wetu, anazisoma zote, zinazoingia na zinazotoka. Kwa hiyo usiandike upuuzi. Sista, kama umefika hapa, shikamoo.

Sasa neno lenyewe. Juzi tukipalilia, mwenzangu Klementina alituuliza kila mmoja anakumbuka nini cha nyumbani. Mmoja akasema mama yake, mwingine simu, mwingine chipsi. Mimi nikasema, mji wangu. Wakadhani namaanisha Sumbawanga. Ikabidi niwaeleze gemu letu lote jembe likiwa mkononi: kwamba wewe na mimi, kwenye kompyuta yako, tuna mji unaitwa Kipupwe, katikati ya barafu isiyoyeyuka, watu elfu nane wamelizunguka tanuru moja. Kwamba makaa ya mawe yakiisha wote wanaganda. Kwamba kuna baraza la viti mia, na ndani yake vyama viwili tulivyovibatiza wenyewe. Wanachuma wanataka mashine zinazotembea zenyewe zishuke migodini badala ya watu. Wanamkono wanasema mtu asiye na kazi ya kufanya amekwisha, hata kama ana moto na chakula.

Klementina akauliza, "Na wewe uko upande gani?" Nikamwambia mimi Mwanamkono, kaka yangu Mwanachuma, na nilipoondoka Januari tulikuwa hatujapiga kura. Felisian, naomba usiipitishe ile sheria ya mashine mpaka tukubaliane. Mji ni wetu sote.

Ni mimi mdogo wako, meya mwenza,
Scola

Sumbawanga,
Jumatano, 8 Mei 2024

Scola,

Milele, amina. Na marahaba, nimeipokea yote bila kurudisha chenji. Sista Angela, shikamoo.

Barua yako imeletwa na Vitus, dereva wa gari la parokia, ikiwa imekunjwa kama kitambaa cha jasho. Sote wazima. Baba ana habari nyingi, sijui nianzie wapi. Amenunua kofia ya rangi ya udongo na anaivua akipita mbele ya kioo cha duka lolote ili aivae tena. Jumuiya imemchagua mweka nidhamu, sasa kuku wa jirani wanaambiwa wakae kimya wakati wa rozari. Pale kiwanda cha unga tunapofanya kazi, yeye na mimi, wanamwita Profesa, kwa sababu hakuna kiroba alichoshona yeye kikafumuka njiani. Miaka ishirini na miwili ya kushona, na anasema sindano ni ileile, vidole ndivyo vimebadilika. Kwa kuimba, Padre amemwomba asimame mstari wa nyuma.

Kipupwe nimekutii, na utii wako umetugharimu. Makaa yamepungua, hospitali imejaa vikohozi, na Wanamkono wako kila siku wako barazani wakidai heshima ya kazi huku wagonjwa wao wanalala wawiliwawili. Nimeweka mashine moja tu, kwenye mgodi mmoja, kwa majaribio. Usikasirike. Mgodi ule sasa unatoa makaa mara tatu na hakuna aliyekohoa.

Na sasa habari kubwa, keti chini. Bosi wetu, mzee Cleophas, ameagiza mashine ya kufungashia unga. Inapima, inajaza, inashona, inasukuma kiroba mbele, tayari. Watu wanane wa meza ya viroba watabaki wanaitazama tu. Na fundi atakayeiendesha ni nani? Kaka yako! Naenda Mbeya wiki mbili kujifunza. Baba alipoambiwa alifurahi mpaka akaitangaza kwenye jumuiya, kabla ya matangazo ya michango.

Sasa niambie, kati yangu na wewe nani anaijua dunia inakokwenda?

Kaka yako,
Fundi Felisian

Kaengesa,
Jumapili, 26 Mei 2024

Kaka Fundi,

Tumsifu Yesu Kristo, na hongera nyingi. Niliisoma habari ya Mbeya kwa sauti mezani, wakapiga makofi. Nguruwe wamezaa, sasa wako ishirini na tatu. Ulezi huku umeanza kukatwa, mikono yetu inawasha. Baba na kofia yake wametuchekesha wiki nzima. Klementina anataka kujua kama kuku walitii.

Mashine moja ya majaribio nimekusamehe. Lakini nina swali. Waliokuwa wakifanya kazi kwenye ule mgodi wamekwenda wapi? Umeniandikia makaa, umeniandikia vikohozi, hukuniandikia wao. Nakumbuka wale wa mtaa wa kaskazini tulipowafungia kiwanda: walikaa uwanjani siku tatu bila kudai chochote, na siku ya nne wakachoma ghala. Wewe ulisema gemu limekosewa. Mimi nilidhani halijakosewa.

Na swali la pili, la nje ya gemu. Hao wanane wa meza ya viroba wataitazama mashine mpaka lini?

Ni mimi,
Scola

(Mwandiko huu ni wangu, Sista Angela. Nimesoma hoja za pande zote mbili kwa sababu ya wajibu wangu. Jumamosi tunafua mashuka sabini kwa mikono katika maji ambayo mbwa hawezi kuyanywa kwa ubaridi. Wanamkono wote wa Kipupwe wanakaribishwa. Mimi ni Mwanachuma.)

Sumbawanga,
Jumatano, 10 Julai 2024

Scola,

Milele, amina. Samahani kwa kuchelewa. Nilikwenda Mbeya, nikarudi, kisha kazi zikazidi, ndiyo kilele cha mavuno na malori ya mahindi yanapanga foleni mpaka barabarani. Baridi mwaka huu haina huruma, asubuhi nyasi zina barafu nyembamba. Baba hajambo. Sista Angela, asante kwa kura yako.

Kuhusu Kipupwe, mengi yametokea. Niliipitisha sheria ya mashine. Najua, niliahidi. Kura hamsini na nne kwa arobaini na sita. Nikaweka mashine migodi yote minne, kisha kwenye ghala la chakula, kisha kwenye kiwanda cha mbao. Makaa yakafurika. Tanuru likawaka mpaka theluji ya mtaa wa kwanza ikayeyuka, nimepiga picha kwa simu, utaiona Januari. Wagonjwa wakapungua kutoka mia nne hadi thelathini.

Halafu Jumapili iliyopita nikazitoa zote. Niliitisha baraza upya nikaifuta ile sheria, nikavunja mashine moja moja nikauza vyuma. Wanachuma wakaniita msaliti. Wanamkono nao hawakushukuru, walisema nimewarudisha migodini bila kuwauliza kama wanataka kurudi. Tanuru limeshuka ngazi mbili. Nimejaribu kuwapa Wanamkono shule, wamekataa. Nimejaribu kuwapa Wanachuma maabara, wamesema ni rushwa. Mtaa wa kaskazini wanagoma, mtaa wa kusini wanagoma kwa sababu wa kaskazini wanagoma. Niliwapa wote mgawo wa chakula mara mbili, ghala likabaki na siku sita. Halafu dhoruba ikaja. Nimehifadhi gemu hapo katikati ya dhoruba, sijaligusa tena.

Sijui nifanye nini na mji huu. Wewe ungefanya nini?

Felisian

Kaengesa,
Jumapili, 21 Julai 2024

Kaka yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tu wazima, isipokuwa Klementina ana mafua na anaugulia kama anayekata roho. Tumevuna ulezi magunia kumi na moja. Sista Angela amepewa ahadi ya mashine ya kufulia na mfadhili mmoja, tangu hapo anatembea akiimba.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Ya kwanza nilicheka, ya pili nilikasirika kuhusu kura, ya tatu nikahesabu. Kipupwe umeiandikia zaidi ya ukurasa mzima. Baba umemwandikia maneno mawili. Mwezi wa tano alikuwa na kofia, kuku, rozari, sindano, mstari wa nyuma. Sasa "Baba hajambo", kama mtu anayejaza fomu.

Tena wewe si mtu wa kufuta sheria. Nimecheza na wewe miaka miwili. Uliwahi kuacha mtaa mzima ugande kuliko kukiri kwamba bomba ulilitandaza vibaya. Leo uvunje mashine zote kwa hiari yako?

Umeniuliza ningefanya nini. Ningewauliza waliotolewa migodini wanataka nini, kabla ya kuwatoa na kabla ya kuwarudisha. Gemu halina kitufe cha hivyo, najua. Ndiyo maana nakuuliza wewe na si gemu: kuna nini kiwandani? Baba anaumwa?

Niandikie haraka. Vitus anapita Alhamisi.

Scola

Sumbawanga,
Jumatano, 14 Agosti 2024

Scola,

Milele, amina. Baba haumwi. Mashine inafanya kazi vizuri, viroba mia tatu kwa saa kama umeme haujakatika. Nina majukumu mengi na hata Kipupwe sijaifungua.

Siku ya wageni sitaweza kuja, niko zamu. Nakutumia sabuni, sukari na betri za tochi. Mpe Klementina pole.

Felisian

Kaengesa,
Jumapili, 1 Septemba 2024

Kaka Felisian,

Tumsifu Yesu Kristo. Sabuni na sukari nimepata, asante. Klementina amepona. Watoto wa nguruwe wameachishwa kunyonya. Hizo ndizo habari, tumalize.

Jumapili iliyopita ilikuwa siku ya wageni. Baba alikuja. Amevaa kofia, amebeba kuku aliyefungwa miguu, unga wa ulezi na migebuka mikavu ya Ziwa Tanganyika, samaki ambao harufu yao mpaka leo iko ukumbini. Alimwamkia Sista Angela kwa heshima zote, akamuuliza kama binti yake ana adabu, akajibiwa "wakati mwingine". Kisha tukakaa kwenye benchi nyuma ya kanisa.

Nikamuuliza, "Baba, umeombaje ruhusa kiwandani? Si ni msimu?"

Akasema, "Ruhusa ninayo ya kudumu." Halafu akacheka, akaona sicheki. "Felisian hakukuandikia?"

Basi akanieleza. Kwamba tarehe moja Julai waliyakuta majina ukutani, saba kati ya wanane. Kwamba la kwake lilikuwa la tatu, na limekosewa herufi, baada ya miaka ishirini na miwili. Kwamba alikunja aproni yake akaiweka juu ya meza, akawapa wenzake mkono, akapita pale kwenye mashine mpya ulipokuwa umesimama, na wewe ulikuwa unakaza nati ambayo, anasema, ilikuwa imekazwa tayari.

Hakulia wala hakulalamika. Nilikuwa tayari kumtetea. Nilikuwa nimejiandaa na maneno yote ya Wanamkono, ningeweza kuhutubia baraza. Hakuyahitaji hata moja. Jambo moja tu lilimtoka kwa shida, na hilo aliniambia akiangalia kofia yake: kwamba tangu siku hiyo hujakanyaga nyumbani. Wiki nane. Ukitoka kwenye chumba chako cha kupanga unapita barabara ya chini, ya sokoni, ili usiione nyumba yetu ya Katandala. Anakuona, Felisian. Anakaa kwenye ngazi na anakuona unavyokata kona.

Kuna jambo jingine aliniambia kukuhusu. Nimeahidi kutoliandika na sitaliandika. Ukienda kwake atakwambia mwenyewe.

Nenda.

Scola

(Mwandiko wa Sista Angela. Kijana, nimeongeza mstari mmoja tu. Barua zako mbili za mwisho nilitaka kuzirudisha kwa sababu hazikuwa na kitu ndani. Nenda kwa baba yako.)

Sumbawanga,
Jumatano, 11 Septemba 2024

Mdogo wangu Scola,

Milele, amina. Sista Angela, shikamoo, nimekwenda. Mimi mzima, Baba mzima, nyumba nzima. Leo naandika yote, na kama Sista atachoka kusoma atanisamehe.

Mwishoni mwa mwezi wa sita mzee Cleophas aliniita ofisini. Alikuwa anakula karanga, akanisukumia kisahani. Akasema, "Felisian, mashine yako haiwezi viroba vya ulezi. Mbegu ni ndogo, zinavuja kwenye mdomo wa kujazia. Nitabakiza mshonaji mmoja wa mkono. Wewe unawajua wote wanane. Nipe jina."

Nikamwambia, "Bosi, si kazi yangu hiyo."

"Ndiyo maana nakuuliza. Mimi nikichagua watasema nina mtu wangu."

Nilitaja Agnesi.

Sasa nikwambie ukweli ambao nimeuzungusha kichwani tangu siku ile. Agnesi ndiye mwenye mkono mwepesi kuliko wote, hata Baba anasema. Agnesi ni mjane, ana watoto watatu na hana shamba, na Baba ana ekari zake mbili kule Mpui. Sababu zote hizo ni za kweli. Lakini pia niliogopa watu waseme fundi amembakiza baba yake. Sijui ni ipi ilitangulia, sababu au woga. Nilitoka ofisini nikijiona mtu wa haki. Nilijiona hivyo siku nne, mpaka Baba alipokunja aproni. Ile nati ilikuwa imekazwa, ndiyo.

Siku niliyofuta sheria Kipupwe nilidhani nitajisikia nafuu. Watu elfu nane wakaanza kuganda na sikujisikia nafuu yoyote.

Basi Jumamosi nilikwenda nyumbani, saa saba mchana, nimebeba nyama nusu kilo kama mgeni. Baba alikuwa uani anapepeta. Nikamwambia shikamoo. Akasema, "Marahaba. Mlango uko palepale." Akasonga ugali wa ulezi, akapika migebuka, nyama yangu akaitundika jikoni akasema ya kesho.

Tulipoanza kula nikaweka tonge chini. "Baba, jina la Agnesi nililitaja mimi. Bosi aliniuliza nani abaki, nikamtaja yeye, sikukutaja wewe."

Akaendelea kutafuna. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu jioni ileile. Agnesi alikuja hapa analia, anataka kurudisha kazi. Bosi ndiye aliyemwambia ni wewe uliyemtaja. Nikamwambia akirudisha hiyo kazi nitamfuata kwake na fimbo." Akanisogezea mchuzi. "Sikiliza, Felisian. Ungenitaja mimi, ningekaa pale kila siku nashona ulezi huku yule mama anapita barabarani na beseni la nyanya kichwani. Ningeshonaje? Ulichagua vizuri. Mimi mwenyewe ningemtaja yeye."

Nikaliokota tena lile tonge.

"Lakini wiki tisa," akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Kazi nilipoteza, sawa, kazi ni ya mtu mwingine, anakupa na anakunyang'anya. Wewe nilikupotezea wapi?"

Scola, nililia mbele ya migebuka. Baba akasubiri nimalize, kisha akasema ugali unapoa.

Nadhani hilo la Agnesi, kwamba alijua tangu mwanzo, ndilo jambo uliloahidi kutoliandika. Asante kwa kutoliandika.

Kaka yako,
Felisian

Kaengesa,
Jumapili, 22 Septemba 2024

Kaka yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako Sista Angela alinikabidhi ikiwa wazi kama kawaida, lakini safari hii alitoka kwenda kuangalia mashuka ambayo yalikuwa hayajafuliwa bado. Kwa hiyo nilisoma peke yangu.

Nisamehe na mimi kidogo. Kwa miezi mitano nimekuwa nikigombea haki ya kazi ya Baba bila kumuuliza hata mara moja kama aliipenda. Siku ya wageni nilimwambia, "Pole, wamekunyang'anya kazi yako." Akanitazama kama nimesema Kichina. Sikuelewa kwa nini. Muulize wewe, mko karibu.

Na wale sita wengine je? Wewe ndiye fundi, bosi anakusikiliza. Ulipoulizwa jina ulijibu. Sasa jibu na swali ambalo hukuulizwa.

Nguruwe wazima.
Scola

Sumbawanga,
Jumatano, 16 Oktoba 2024

Scola, meya mwenza,

Milele, amina. Sista Angela, shikamoo na hongera kwa mashine ya kufulia, Vitus amenieleza jinsi ilivyopokelewa kwa nyimbo. Huku mawingu yameanza kujikusanya na watu wanasafisha mashamba. Sote wazima, na leo nina habari za Baba za kujaza gunia.

Nianze na kiwandani. Nilikwenda kwa mzee Cleophas nikamwambia mashine inakula mahindi bila kuchagua, mawe na magunzi vinaingia humohumo, na mara mbili wateja wamerudisha unga. Ni kweli, sikubuni. Nikamwambia tunahitaji watu wa kupembua kabla ya kusaga. Alitafuna karanga muda mrefu. Akakubali wanne. Nikasema, "Na safari hii bosi, tuwaite tuwaulize, tusibandike ukutani." Akaguna, lakini aliwaita. Ndalahwa na Benjamini wamerudi, na wengine wawili. Wawili waliobaki, mmoja ana genge lake sasa na anasema harudi, mwingine bado anatafuta, sitakudanganya.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa Baba. Alivua kofia mbele ya bosi akasema, "Nashukuru, mzee mwenzangu, lakini kifua changu kimeanza kupumua tangu niache vumbi lako." Akatoka. Yuko Mpui siku nne kwa wiki. Ameelewana na Shija, yule Msukuma mwenye maksai upande wa pili wa mto: Shija anamlimia, Baba anamuachia mabua ya ng'ombe. Wanabishana kutwa nzima kuhusu namna ya kupanda ulezi. Baba hajawahi kuwa na furaha ya namna hii tangu Mama alipotutoka.

Hizo siku tatu nyingine, Scola, yuko chumbani kwangu. Anacheza Kipupwe.

Ilianza hivi. Nilimuuliza kama ulivyoniagiza: "Baba, kazi ya kushona viroba uliipenda?" Akashangaa. "Nani amewaambia niliipenda? Nilipenda kuwasomesha nyinyi. Kushona ni kushona." Nikamweleza kwamba wewe na mimi tumegombana miezi mitano juu ya Wanachuma na Wanamkono. Akasema, "Mmegombana juu yangu bila mimi kuwepo. Hebu nione huo mji."

Nikamfungulia palepale katikati ya dhoruba. Nilimtafsiria Kiingereza, yeye akaamuru. Jambo la kwanza alilofanya ni kurudisha sheria ya mashine, yote, migodi yote minne. Nikasema, "Baba! Scola atakufa." Akasema, "Kushuka shimoni kwenye barafu kuchimba makaa, hiyo ni kazi ya kumwombea mtu abaki nayo? Toa watu humo." Sista Angela, nadhani umepata mgombea wako.

Lakini usishangilie sana. Kabla ya kila mgodi kufungwa alitaka kuzungumza na wachimbaji. Nikamwambia gemu haliwezi. Akawazungumzia hivyohivyo, kwenye kioo, kwa Kifipa, akiwa amevua kofia: jamani, kesho mashine zinaingia, msishtuke, mgawo wenu wa chakula unaendelea, nani anataka kwenda shule ya mtaa wa pili? Kisha akabonyeza. Alipomaliza nikamuuliza kama kuna kitu ambacho angependa mzee Cleophas angemfanyia mwaka huu. Akafikiri. "Kuambiwa mapema. Na jina langu kuandikwa vizuri."

Akawapa wachimbaji wote likizo na chakula mara mbili. Wanamkono akawajengea uwanja. Wanachuma akawaahidi maabara mbili, akazisahau. Wiki moja Kipupwe ilikuwa kama sikukuu. Nilimwonya kwamba mashine zinahitaji watu wa kuzitunza na yeye amewapeleka wote mapumziko. Akasema mtu aliyefanya kazi miaka ishirini na miwili anapumzika, hakuna mjadala. Mashine ya kwanza ikaharibika siku ya tisa. Ya pili siku ya kumi. Tanuru likazimika Baba akiwa bado anatafuta mahali pa kujenga kanisa. Baraza likakutana, Wanachuma na Wanamkono kwa mara ya kwanza wakapiga kura pamoja, tisini na moja dhidi ya tisa, na kiongozi akatolewa nje ya mji, kwenye theluji. Ikaandikwa hivyo kwa herufi kubwa.

Baba aliniomba nimsomee tena. Nikamsomea. Akatazama wale watu wadogo wanavyomfungia lango.

"Yaani mwaka mmoja," akasema, "nimefukuzwa kazi mara mbili."

Nikamwangalia nione kama ameumia. Mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko, machozi yanamtoka, kofia imeanguka chini ya meza. Nikaanza kucheka na mimi, tukashindwa kuacha, mpaka mwenye nyumba akaja kugonga mlango kuuliza kuna nini. Baba akamfungulia.

"Karibu ndani," akamwambia. "Ni mwanangu huyu, tunatafuta namna ya kurudi mjini."

Kaka yako,
Felisian